Taa Tatu kwenye Waya Mmoja

Mume wangu mpenzi,

Umenifunga, na leo nakuambia nikiwa na hasira. Si kwa kufa, hilo ni la Mungu. Ni kwa huo waya wako.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba na furushi la waya begani? Tajiri wako alikuwa amekuruhusu kuivuta stima ya mashine yake mpaka hapa kwetu, maana tu ukuta kwa ukuta na kiwanda. Ukatuketisha ukumbini, mimi na mama yako, ukatuuliza: taa zote zifuatane kwenye waya mmoja, au kila taa iwe na njia yake? Mimi nikasema kila moja na yake. Mama yako akasema, "Nyumba ni moja, mwanangu. Ziwake pamoja, zizime pamoja." Ukanitazama, ukacheka, ukafuata la mama. Nilinuna mpaka uliponiletea halua.

Zilipowaka, moja ukumbini, moja kwa mama, moja kwetu, majirani walijaa hadi barazani. Na ulivyojivuna wewe!

Sasa nakaa eda chumbani humu humu. Wanawake huja kunipa pole mchana, na jioni huja tena. Mama yako hataki taa zizimwe kabla mashine ya kiwanda haijasimama, watu wasiseme tumemtupa mjane gizani. Nami nalitaka hilo giza, mume wangu. Nataka kukulilia bila kutazamwa. Mlangoni sitoki, na taa yangu siwezi kuizima peke yake. Nikiilegeza globu, nyumba nzima inazima, na kila aliyemo atauliza kulikoni.

Jana baada ya isha nilishindwa. Nilizungusha leso mkononi, nikailegeza globu. Giza likaingia kote. Nikangoja kugombezwa.

"Ni wewe, mwanangu?" mama yako akaita kutoka chumbani kwake.

"Ni mimi, mama. Niwie radhi, naiwasha sasa hivi."

"Wacha. Iwache hivyo hivyo."

Kisha nikamsikia akilia, yeye ambaye tangu uzikwe hajadondosha chozi mbele ya mtu. Nami nikalia, kila mtu chumbani mwake.

Leo taa zilipowaka ameniita mwenyewe. "Mwanangu, wageni wakishaondoka, ilegeze tena. Mimi mkono haufiki."

Lala pema, mume wangu. Hasira bado ninayo, kidogo.

Mkeo