Waya Mnene Juu ya Mlango wa Jikoni

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko ugenini, na lile goti limeacha kukusumbua? Sisi tu wazima. Dada yako bado anafua na kupiga pasi nguo za watu, na mdomo wake ni ule ule unaoujua.

Kuna sauti ndogo haijanitoka masikioni: tss, kama tone la maji kwenye kikaango cha moto. Niliisikia nikiwafundisha darasa la tano mzunguko wa umeme. Tulikuwa na betri, swichi, balbu ya tochi, na uzi mmoja mwembamba niliouchomoa kwenye chuma cha kusugulia sufuria. Huo uzi ndio uliokuwa fyuzi yetu. Balbu ikawaka. Kisha nikalaza kijiko kuunganisha pande mbili za balbu. Umeme ukapata njia ya mkato, ukapita kwa wingi. Uzi ukawa mwekundu, tss, ukakatika. Hakuna kilichoungua ila uzi wenyewe.

Nikarudia, safari hii nikiweka waya mnene mahali pa uzi. Haukukatika. Nyaya nyingine ndizo zilizoanza kunuka plastiki, nikachomoa betri upesi. Msichana mmoja tunayemwita Bi Maswali akasema, "Mwalimu, huyu mlinzi gani? Mwizi kaingia, yeye kimya!"

Darasa zima likacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekumbuka kisanduku cha fyuzi juu ya mlango wa jikoni kwetu.

Kabla hujasafiri, fyuzi ilikuwa ikikatika kila Mama anapopiga pasi huku jiko la umeme linawaka. Ukaweka waya mnene, tukakupigia makofi. Tangu hapo haijakatika hata mara moja, na Mama huwaambia wateja kwamba mkono wa kaka yake hauna mfano. Jioni ile niligusa ukuta nyuma ya meza ya pasi. Ulikuwa wa moto, na chokaa yake imegeuka rangi ya chai.

Nilipomwambia Mama, alikuja juu. "Tumekusomesha ili uje unizimie pasi?" Nikamwambia hiyo pasi ataipigia wapi nyumba ikiungua. Akanuna weee, kisha akasema, "Haya, utoe. Lakini mjomba wako utamweleza mwenyewe."

Basi ninakueleza. Sikulaumu, Mjomba. Ulitaka dada yako asikwame, na kweli hakukwama. Ila kitanda chake kimeegemea ukuta ule ule, na mimi usingizi ulinipaa.

Bibi anakusalimu na anasema umwandikie kwa herufi kubwa. Wabusu binamu zangu wote, hasa kitinda mimba.

Jana asubuhi nilizima swichi kuu, nikautoa waya wako, nikaweka fyuzi inayostahili. Kabla ya mchana ilikuwa imeshakatika. Mama kasimama na pasi mkononi, ananitazama tu. Nikaweka nyingine, nikazima jiko. Fundi nimeshamwita, kesho anavuta nyaya mpya za pasi. Waya wako nimeukunja, umo humu ndani ya bahasha.

Mungu akufunike huko uliko.

Mpwa wako akupendaye, hata anapobomoa kazi yako,
Mwalimu