Mtungi wa Zablon

Phanice, najaza magunzi kwenye gunia huku nakuandikia. Usiniulize ya nini bado.

Asubuhi jiko la gesi lilishika moto, mama akiwa jikoni. Nikachukua ule mtungi wa kuzima moto, ule wa bei nafuu nilionunua kwa Zablon pale Rongo. Nikavuta pini, nikabonyeza. Ukatoka upepo tu. Upepo, Phanice. Mama aliuzima moto mwenyewe kwa blanketi lililoloa. Nyusi zake zimeungua zote.

Sikutaka kumhukumu mtu haraka. Nilimpigia Zablon, nikamweleza polepole. Akacheka. "Dada, labda moto wako ulikuwa mkubwa kuliko pesa yako."

Mkubwa kuliko pesa yangu. Mama hana nyusi, na yeye anacheka.

Nimekwangua stika yake kwenye mtungi. Chini kuna nyingine: muda wa mtungi uliisha 2016.

Kesho ni siku ya soko. Nitawasha haya magunzi kwenye karai mbele ya duka lake, watu wakitazama, kisha nimwambie kwa upole achague mtungi wowote kwenye rafu yake auzime moto huo. Ndoo ya maji nitabeba mimi, maana najua kitakachotoka.

Gunia limefika nusu na giza linaingia. Nitamalizia alfajiri.