Parachuti ya Tumboni

Tarehe 4 Machi

Shemeji Fundi,

Pokea salamu za mtu uliyeapa hutamsalimia tena. U hali gani? Mgongo? Macho bado yanaona tundu la sindano? Huku wote wazima. Dada yako ananenepa na kunigombeza, ndiyo afya yenyewe. Mimi meno yamepungua ila mdomo uko palepale. Viatu vya mtumba bado nauza, na bado nawaambia watu kinachobana leo kesho kitalegea.

Najua ni miaka tisa. Usichane kwanza, soma.

Tarehe 14 Juni pale uwanja wetu wa ndege kuna siku ya warukaji wa parachuti wa zamani. Wametuita wazee wote wa angani tuje na vifaa vyetu vya enzi zile, turuke mara moja, tupigwe picha. Nikalikumbuka lile begi letu la kijani, shemeji! Turubai gumu kama ngozi ya kiboko. Parachuti kubwa ya duara mgongoni, na ile ya akiba imefungwa tumboni, tunapanda ndege kama wanaume wenye mimba ya miezi tisa. Hata viatu vyako huvioni. Na kutua hutui, unamwagwa kama gunia. Unakumbuka nilivyodondokea paa la choo cha walinzi, na mlinzi yumo ndani? Ndiyo nikaitwa Kunguru, anatua popote.

Hawa wa siku hizi kila kitu mgongoni, kijibegi kama cha shule, wanashuka wima kama wanashuka ngazi. Raha iko wapi?

Begi unalo wewe. Likague, likunje, weka sahihi na muhuri wako kwenye kadi, unitumie. Bila kadi ya fundi wa parachuti mwenye muhuri hawanipandishi ndege. Fundi mpya wa uwanjani kakataa, anasema vya tumboni hajawahi hata kuvishika. Na mwakani nafika sitini na tano, sheria yao inanifungia. Ni mwaka huu au basi.

Shemeji yako,
Kunguru

*

Tarehe 13 Machi

Kunguru,

Mimi mzima. Msalimie dada.

Begi lipo karakana, juu ya kabati. Lilikuwa letu wakati sisi ni watu wanaoongea.

Umekumbuka choo cha walinzi. Mruko wangu wa mwisho hukuukumbuka? Ulileta begi la aina mpya, kila kitu mgongoni, nikalivaa mimi. Parachuti kubwa ikajisokota. Mkono wangu ukaenda tumboni kutafuta akiba, kama ulivyozoea miaka kumi na mitano. Hakuna kitu. Nikapapasa tumbo, nikapiga tumbo, na ardhi inakuja. Nilipokumbuka kwamba kishikio cha akiba sasa kiko kifuani, nilikuwa juu ya miti. Mguu mmoja mfupi mpaka leo.

Hilo sikulikasirikia. Ndiyo kuruka kwenyewe. Lililoniuma ni kwamba plasta yangu haijakauka hospitali, wewe uko baa ya uwanjani, umepanda juu ya kiti unaniigiza: "Anapiga tumbo kama mtu aliyeshiba!" Tangu siku hiyo naitwa Tumbo. Wateja wananiita Tumbo. Harusi ya binti yangu, mshereheshaji ananitangaza: baba wa bibi harusi, Mzee Tumbo! Ukumbi mzima ukacheka. Binti yangu akainamisha kichwa.

Halafu unataka sahihi yangu.

Kaka wa mkeo

*

Tarehe 21 Machi

Shemeji,

Natumai hujambo, maana barua yako ilikuwa na homa. Nimeisoma nimekaa, bahati nzuri.

Lakini wewe nawe! Mzaha wa miaka tisa bado unautafuna tu? Mimi naitwa jina la ndege anayekula jalalani, nimefungua kesi? Na hospitali nilikuja, nikaleta machungwa sita. Hilo hukuliandika.

Au sema kweli: mikono inatetemeka, kukunja huwezi tena, unatafuta pa kujificha. Sema tu, hatutacheka. Tutacheka kidogo.

Shemeji yako,
Kunguru

*

Tarehe 28 Machi

Kunguru,

Mimi mzima. Mikono haitetemeki. Machungwa yalikuwa matano.

Siku ile begi jipya lilikuwa zamu yako. Ulisema goti linauma, nikavaa mimi. Jioni hiyohiyo ukapanda juu ya kiti. Mtu mwenye goti bovu hapandi juu ya kiti. Nimekuwa na miaka tisa ya kulifikiria hilo.

Liandike kwa mkono wako, ulibandike kwenye ubao wa uwanjani, wote wasome. Ukibandika, natia sahihi.

Kaka wa mkeo

*

Tarehe 2 Mei

Shemeji,

Habari za huko? Za huku usiulize. Nimetafuta mzaha wa kufungulia barua, nimepekua mifuko yote, hakuna.

Nimebandika. Jumamosi saa nne asubuhi, kati ya ratiba ya ndege na tangazo la mbwa aliyepotea. Nakuandikia vilevile nilivyoandika:

"Mimi Kunguru. Siku Fundi alipovunjika mguu, begi lile jipya ilikuwa zamu yangu kulivaa. Nililileta mimi, nikalisifia mimi. Nilipolivaa nikajishika tumboni, hakuna kitu, nikaogopa kama mtu katoka nje uchi. Nikasema goti linauma. Goti lilikuwa zima. Fundi akavaa badala yangu. Kule baa nilichekesha watu ili mtu asije akaniuliza habari za goti."

Mwenye baa kalisoma kwa sauti, maana nusu ya wazee wamesahau miwani. Hakuna aliyecheka, shemeji, na mimi watu wa namna hiyo sijawazoea. Mzee aliyenifundisha kuruka kachukua chai yake kaenda kuinywa nje. Dada yako kaambiwa sokoni kabla mimi sijafika nyumbani. Sasa nalala sebuleni, kochi fupi, miguu inaning'inia kama ya kuku aliyechinjwa.

Wanasema Kunguru mwoga. Sawa. Tarehe 14 Juni watainua vichwa juu waone huyo mwoga anatokea wapi. Ndiyo jibu langu, sina jingine. Tuma begi.

Shemeji yako,
Kunguru

*

Tarehe 20 Mei

Kunguru,

Mimi mzima. Dada mwambie namfikiria.

Begi ni hilo. Utaona mikanda nimeikata kwa mkasi, yote. Halivaliki tena, na wewe wala na mjinga mwingine utakayetaka kumuuzia. Kitambaa cha akiba kimeoza. Nimekibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili.

Kadi iko mfukoni mwa begi. Haina sahihi.

Kaka wa mkeo

*

Tarehe 27 Mei

Wewe,

Sikusalimii. Hali yako siiulizi.

Begi nimempelekea fundi mpya wa uwanjani. Kaangalia, kanusa, kasema kuoza huku si kwa mwezi mmoja, ni kwa miaka. Ulijua! Ulipoandika "natia sahihi", kidole chako kilishapita zamani! Umenivua nguo mbele ya watu wote kwa kitu ambacho hukuwa nacho. Mimi nauza viatu vyenye matundu, Fundi, lakini mteja akiuliza tundu namwonyesha.

Jina langu bado liko kwenye orodha. Tarehe 14 wataliita kwa kipaza sauti. Nisimame niseme nini? Goti tena?

Umeshapata ulichotaka. Kaa nacho. Usiniandikie.

Mume wa dada yako

*

Tarehe 9 Julai

Kunguru,

Mimi mzima kiasi, mguu unasumbua na baridi hii. Sijui wewe.

Ulikataza nisikuandikie. Naandika.

Ni kweli nilijua. Barua yako ya kwanza ilipofika nilishusha begi siku ileile, nikabonyeza. Ningeweza kukujibu mstari mmoja tu: limeoza, pole. Sikutaka. Nilitaka kwanza usimame pale niliposimama mimi, wakuangalie.

Na kuna lingine, halijui mtu. Karatasi yako ilipopanda ubaoni, mimi nilikuwa nimeahidi sahihi. Nikalikunja begi vizuri, na ile akiba mbovu ndani, nikaweka kadi mezani, nikashika kalamu. Nikasema si ndivyo tulivyopatana? Si ni yeye anayetaka? Nilikaa na kalamu ile tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Sikuwa natania. Ndipo nikachukua mkasi nikakata mikanda upesi upesi, kwa sababu sikujiamini kwamba alasiri ingefika sijatia sahihi. Mtu anayekata mikanda kwa makini hukata miwili, inatosha. Hesabu mwenyewe nimekata mingapi.

Tarehe 14 nilikuja. Nilisimama nje ya uzio, kwenye magari. Walipoita jina lako ulinyanyua mkono ukasema, "Sina begi." Basi. Nikasubiri uongeze mzaha, hukuongeza. Ukakaa kwenye majani ukiwatazama wenzako wanashuka mpaka wa mwisho. Niliondoka kabla hujageuka.

Wateja wawili mwezi huu wameniita Fundi. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Dada anasema umerudishwa chumbani ila umenyamaza, hata viatu unauza bila kelele, watu wanapita hawajui kama pana muuzaji. Hilo sikuliomba.

Sijakusamehe, na nadhani na wewe baada ya kusoma hii hutanisamehe. Ni wiki sita hujaandika neno. Ukipata tusi zuri, anwani ni ileile.

Kaka wa mkeo