Kijani Kilichokolea

Newala,
12 Septemba 1988

Mjomba Reginald,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Sabuni siku hizi imejaa madukani, nimekuwekea miche miwili.

Mjomba, nakushukuru kwa ajili ya barua ya baba. Mama alipoikuta sandukuni, ina stempu lakini haikupelekwa posta wala haina tarehe, nilisema ni ya kabla sijaolewa na Sultani. Baba hakumkubali, hakuja harusini, na mwaka uliofuata akafariki bila kusema nami. Miaka tisa nimeamini aliondoka na kinyongo.

Wewe uliitoa nje juani, ukaiweka kando ya stempu zako za zamani. Zote zina picha ya ndege yule yule.

"Tazama," ulisema. "Za kwanza kutolewa ni kijani kilichopauka, na karatasi yake inakwaruza. Hii ya baba yako imekolea, karatasi inateleza. Hizi zilizokolea nilizipokea mwenyewe zilipotoka, nikiwa karani wa posta Masasi, miezi mitatu baada ya harusi yako."

Basi yale maneno, "Mwanangu, njoo nyumbani, nakungoja," aliniandikia nikiwa mke wa mtu.

Jana nilimsomea Sultani, yaani Baba Somoe. Akasema, "Kumbe mzee alituita. Twende."

Jumapili tunakuja Lulindi na mtoto wetu. Mwambie mama atandike kitanda cha wageni. Safari hii Baba Somoe hatanisubiri kituoni, atalala kwetu.

Mpwa wako mwenye shukrani,
Winfrida