Boti Isiyoondoka Rumonge

Rumonge, tarehe 20 Agosti 1962

Kwako Dada Mwasiti, huko Gitaza,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hapa tuko amahoro, salama kabisa.

Kwanza natangaza rasmi, kwa niaba ya nyumba nzima, kwamba jogoo wetu amejiuzulu kazi ya kuamsha watu. Sasa anawika alasiri. Majirani wanasema amejifunza saa kwangu. Wao wanacheka; mimi niliposikia hayo nilijichoma sindano kidoleni, na sababu utaijua.

Barua yako nimeisoma. Umesema kama mwanao Zuwena ameshindwa darasa la tatu kwa kuchezacheza, nimpandishe gari Jumamosi aje kuanika samaki wa ndagala nawe, masomo yametosha. Dada, ngoja kwanza.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba hesabu namfundisha mwenyewe? Kila alasiri nilimwaga vifungo vya mashati mkekani, akavipanga kumi kumi, akajumlisha, akagawa. Mtoto ana akili huyo! Mara mbili alinisahihisha idadi ya vifungo vya koti la mteja. Watu wa barazani wakaniita Mwalimu Cherehani, nami, nisikufiche, nikavimba.

Walipoanza shuleni kusoma saa kwa Kifaransa, Zuwena aliniuliza six heures ni saa ngapi. Kifaransa changu unakijua, nilikiokota nikiwapima makarani suruali. Nikamjibu bila kusita: six ni sita, heure ni saa, basi ni saa sita. Na midi? Saa sita mchana. Akafikiri, akauliza mbona mwalimu husema masomo yanaanza huit heures, na huit ni nane, na saa nane watu wameshakula cha mchana. Nikamwambia asibishane na wakubwa.

Kwenye mtihani, maswali sita kati ya kumi yalikuwa ya saa. Boti imetoka Rumonge six heures, imefika Gitaza midi. Imetumia saa ngapi? Zuwena akaandika zero. Chini yake akaongeza kwamba boti haikuondoka.

Siku ya kufunga shule, wiki ile ya Uhuru, mwalimu alilisoma jibu hilo mbele ya wazazi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha akauliza, kwa upole tu, nani amemfundisha hivyo. Zuwena akanitazama. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nimevaa shati jipya nililojishonea kwa sherehe. Nikasimama, nikasema mtoto huyu hasikii, mimi namfundisha vizuri, yeye anacheza. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, alikuwa anacheza.

Hakuwa anacheza, Dada. Alihesabu sawasawa kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu: six heures yao ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi, na wewe nikakuandikia uongo ule ule. Jana nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema aliogopa watu watamcheka mjomba, na shati lake lile zuri.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mwalimu, nimemweleza yote. Alicheka, lakini amesema Septemba atampa mtihani upya, kama wewe mama yake utakubali. Niachie mtoto, tafadhali. Mimi nitabaki na vifungo. Saa namwachia mwalimu.

Nisalimie shemeji Nasoro na Bibi Biasha. Zuwena anakusalimu sana, na amenisimamia hapa niandike kwamba boti ile inatumia saa sita.

Ndimi mdogo wako mwenye makosa,
Asmani, fundi cherehani