Vijiti Vyako Havikukosea, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovua mabuti yako mlangoni, usiyavae tena. Bado yapo pale pale. Mama hataki yaguswe, hata tope lake.

Mtaa ulikuita Mzee Vijiti, nawe ukaitika. Ulikata matawi mabichi ukayaloweka siku kumi kwenye pipa la bafuni, sisi tukawa tunaoga tumejibanza kama wageni. Kisha ukayapigilia ukingoni mwa mto, yakatoa mizizi, mizizi ikashika udongo. Jirani yetu fundi cherehani alikucheka, eti unazuia mto kwa kuni. Nyumba yake imesimama hadi leo, na ndege wa kichaka chako wanamwamsha kila alfajiri. Hajalalamika.

Ulituimbia jambo moja hadi tukalichoka: chini kata mshazari, juu kata bapa, maana kijiti kikipandwa kichwa chini hakioti. Hata mimi ulininyoa bapa utosini, ukasema sasa sitapandwa vibaya. Ulicheka wiki nzima. Shuleni walicheka muhula mzima.

Ulipoondoka, mdogo wako alilia kaburini kutushinda sote. Tukampa panga lako aendeleze kazi. Baba Mdogo alikata vijiti bapa pande zote mbili, kwa haraka zake, akawaachia vibarua wapande. Vingi vikakauka. Mvua ilipokuja, ukingo wa nyuma ya shule ukamegeka.

Kwenye mkutano wa mtaa, uwanjani, akasimama, amevaa koti lako. Akasema, "Marehemu kaka yangu alikuwa mtu mwema, ila njia yake ilikuwa ya kubahatisha."

Panga akachukua, koti akachukua. Lawama ndiyo akakurudishia wewe, usiyeweza kujibu.

Nilishuka mtoni nikang'oa vijiti vikavu kumi na vitatu, nikarudi mkutanoni nikavipanga mezani mbele yake. Vichipukizi vyote vilielekea upande wenye tope, ule uliokuwa ardhini. Akanong'ona tukayamalize nyumbani. Mama akamjibu taratibu, "Shemeji, umemchafua uwanjani, utamsafishaje chumbani?"

Nyuma ya shule tunapanda upya, Baba. Mshazari chini.

Unakumbukwa na Mama, Dada, mimi kichwa bapa wako, na fundi cherehani na ndege wake. Baba Mdogo ameomba naye aandikwe. Tumemwambia nafasi ipo, akishasimama pale pale aliposimama siku ile.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutaacha ukumbukwe kwa kosa la mwingine.