Foleni Mbele ya Masunga

Jumatatu, 12 Juni 1995

Bango la duka la dawa limekwisha. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Msalaba ulipinda, nikaufuta kwa thina na kuupiga upya. Bado kichwa cha bango la kinyozi wa stendi. Nitatumia kigezo changu kilekile cha katoni. Mke wangu Minza anasema vinyozi wote wa Bariadi wananyoa mtu mmoja. Anacheka mwenyewe. Mimi sicheki, maana ni kweli.

Saa nne Nkwabi kaniita. Ni mnunuzi mpya wa pamba, kazaliwa Mwanza mjini, kajenga ghala barabara ya Somanda. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye lori na mizani ananunua pamba, na kila mmoja anataka ukuta wake uonekane kwa mbali kuliko jengo la Ushirika. Nilidhani ukuta wote ni wangu. Kumbe mimi ni jina la kampuni tu, juu kabisa. Picha kampa binti wa Lamadi. Aliona kazi yake kwenye hoteli moja ya samaki kule barabara kuu.

Nikasema hakuna neno. Neno lipo. Miaka kumi na miwili mji huu unasoma mkono wangu.

Jumatano, 14 Juni

Amefika. Anaitwa Nyangeta. Mjita, watu wao ni wavuvi. Mdogo kuliko nilivyofikiri. Brashi zake zimechakaa, moja kaifunga kwa uzi wa nyavu. Ananiita Fundi, kwa kejeli sijui kwa heshima. Nimemwonyesha pipa la maji na ngazi. Sikumwonyesha kingine.

Alhamisi, 15 Juni

Mimi nimepiga mistari yangu kwa kamba na chaki. Yeye kakaa chini tangu asubuhi anautazama ukuta. Mchana wote. Nikasema moyoni, Nkwabi kapatikana.

Saa kumi akauliza vijana wa mizani ngoma ziko wapi. Ni majira yake, vikundi vinafanya mazoezi kila uwanja. Wakampeleka karibu na mnada. Alirudi vumbi hadi kwenye nyusi, anatabasamu peke yake.

Jumamosi, 17 Juni

Leo kashika mkaa. Niko juu ya ngazi na herufi ya tatu, nikasikia mkaa unakwaruza chini yangu. Nikaangalia. Mguu mmoja. Mgongo. Jembe limesimama kichwachini juu ya kidevu, mikono imekunjwa nyuma. Sikio la kushoto lina pengo.

Nilikaribia kuanguka. Ni Masunga.

Niliandike hili vizuri, maana ndilo lililonikosesha usingizi wa mchana. Masunga ni ningi, kiongozi wa ngoma wa Bagika. Hakuna mwingine anayesimamisha jembe kidevuni hivyo, wala mwenye sikio hilo. Usukumani mtu ni wa Bagika au ni wa Bagalu, vyama viwili vya ngoma. Unarithi kwa baba kama unavyorithi jina. Ngoma mbili zikishindana uwanja mmoja, hakuna jaji. Anayevuta watu wengi ndiye kashinda. Ukienda kusimama mbele ya ningi, umehesabiwa kwake.

Na mbele ya ukuta ule ndipo foleni ya mizani itakapopita. Kila mkulima atasimama na gunia lake mbele ya Masunga, saa nzima, pengine mbili. Nkwabi wa mjini hajui. Binti wa ziwani hajui. Kamwona mtu anayecheza vizuri kuliko wote, kamchora.

Mimi najua. Baba yangu alikuwa Mgalu, tena mchezaji. Ningeshuka ngazi nikasema maneno matatu. Mkaa unafutika kwa kitambaa.

Nikamalizia herufi ya tatu.

Jumapili, 18 Juni

Misa. Sikusikia hata somo moja. Minza kaniuliza naumwa nini. Nikasema jua.

Jumanne, 20 Juni

Kaanza rangi. Ana makopo manne tu, anachanganya kwenye bati. Palipokuwa na doa la unyevu ukutani, nililotaka kulipaka chokaa kwanza, yeye kaliacha. Limekuwa kivuli cha bega. Jasho la shingo ni mguso mmoja wa njano, basi, na linang'aa.

Nyayo. Siku zote mimi naona nyayo ni kitu cha kujaza chini ya suruali. Hapa vidole vimeng'ang'ania ardhi, unaona uzito wote wa mtu na jembe lake umeshuka kwenye mguu ule mmoja. Nimesimama nikajikuta na mimi nimekaza vidole ndani ya viatu.

Nina wivu. Naandika neno lenyewe nilione. Wivu.

Alhamisi, 22 Juni

Amemaliza. Watu wa stendi wamekuja kutazama, wakakaa kimya. Bango langu hakuna aliyewahi kulinyamazia. Wanasoma, wanapita.

Wakati anaosha brashi akanijia. Akauliza, "Fundi, wewe ni mwenyeji. Kuna kitu hakijakaa sawa?"

Nikamjibu, "Kiko sawa kabisa."

Akashukuru kwa mikono miwili. Jioni akapanda lori la Lamadi. Nimekula ugali nusu nikaacha.

Jumatatu, 26 Juni

Ununuzi umefunguliwa. Mikokoteni ya ng'ombe tangu alfajiri. Wa kwanza wakapanga foleni, wanacheka, wanamwamkia Masunga ukutani kama yupo. Nikajua hao ni Bagika.

Kisha mikokoteni ikaanza kusimama mbali. Mzee mmoja akateremka, akautazama ukuta, akageuza ng'ombe wake. Wa pili naye. Wa tatu nilikuwa karibu naye, nikamwamkia mwangaluka. Hakuitika. Alimwambia mwanaye, "Siendi kumjazia Masunga uwanja kwa pamba yangu."

Wakaenda Ushirika. Wengine kwa mnunuzi wa upande wa pili. Nkwabi anazunguka mizani, hajui kinachomla.

Jumanne, 27 Juni

Kajua. Vijana wa mizani wamemweleza. Alicheka kwanza, akasema hii ni biashara, siyo ngoma. Hadi mchana kacheka peke yake.

Usiku wa jana kuna mtu kampiga Masunga mavi ya ng'ombe usoni. Asubuhi Bagika wakamwosha kwa maji ya kunywa. Saa nane vijana wa pande zote mbili wakakutana pale na fimbo. Mmoja kapasuka kichwa, siyo sana. Mgambo wamekuja. Damu kidogo imeangukia gunia la mtu.

Nkwabi hakumtuma mtu, kaja mwenyewe kwangu. Niupake ukuta wote chokaa kabla ya Jumamosi. Abaki na herufi zangu tu. Kanipiga begani, kasema afadhali angenipa kazi yote mimi tangu mwanzo.

Hilo ndilo nililolitaka. Nilikuwa nalisubiri tangu tarehe kumi na mbili. Likashuka kama dawa ya minyoo.

Jumatano, 28 Juni

Nimekoroga chokaa. Ndoo mbili. Nimepanda ngazi, nimechovya brashi pana. Nikaanzia pembeni, mbali na yeye. Mita moja nyeupe. Nikafika kwenye kiwiko chake.

Mkono haukwenda. Sijawahi kuona mkono wangu ukinikatalia. Nikashuka nikakaa pale pale alipokuwa anakaa yule binti, nikautazama ukuta. Ukikaa pale unaona kitu ambacho ukiwa juu ya ngazi hukioni. Masunga yuko upande wa kushoto. Kulia kwake kuna nusu ukuta mtupu. Mtu anacheza peke yake. Ngoma ya Kisukuma haichezwi hivyo, mwenzako lazima awe mbele yako. Pale pamekosa mtu wa pili.

Nikamwendea Nkwabi. Nimemwomba asubiri hadi Jumamosi asubuhi, atapata Bagalu wake bila kupoteza Bagika. Kaniuliza kama mchoraji wa picha ya pili ni mimi. Nikasema mimi siwezi kuchora mtu. Sijawahi kulisema hilo kwa mteja.

Saa sita nimepanda lori la mahindi kwenda Lamadi.

Nilimkuta nje ya hoteli, anachora sangara ukutani. Malori ya Musoma yanapita nyuma yake, vumbi linaganda kwenye rangi mbichi. Nilimweleza yote. Mavi, fimbo, chokaa. Alinisikiliza huku anachora magamba.

Nikasema, "Nilimjua siku ile ile uliposhika mkaa."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu unanishinda."

Hakugeuka. Magamba matatu, manne. Akasema, "Ngoja nimalize samaki wa watu." Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Nimerudi na lori la dagaa, nanuka hadi sasa.

Alhamisi, 29 Juni

Hajaja. Mgambo wawili wanalinda ukuta, kila mmoja kakaa upande wake, nadhani na wao wana baba zao. Foleni fupi. Nkwabi kapita mara tatu kutazama ndoo zangu. Chokaa imeanza kuganda juu. Nimeikoroga.

Minza nimemwambia ukweli wote. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho, kasema alijua kwamba siyo jua.

Ijumaa, 30 Juni

Kaja na gari la kwanza. Hakuniamkia. Akauliza ni nani atasimama, hawezi kumwendea ningi wa Bagalu leo na leo. Nikasema baba yangu alicheza. Akaniambia basi, nenda kalete jembe.

Nimesimama juani tangu saa tatu hadi saa tisa. Baba alikuwa na mchezo mmoja, alirusha jembe juu na kulidaka bila kulitazama. Nilimweleza. Mimi siwezi kulirusha, nililiinua tu. Alisema jembe atalirusha yeye. "Mtazame Masunga," kaniambia. "Usinitazame mimi." Hayo ndiyo maneno pekee ya siku nzima.

Nikamtazama Masunga saa sita mfululizo. Shingo imekakamaa. Mengi yalinipita kichwani, mengine siyaandiki.

Alipomaliza alikusanya brashi. Nilitaka kusema samahani. Nilishasema Lamadi? Nimerudi kusoma juu hapo. Sikusema. Nikalisema leo, anafunga kanga, anawahi gari. Akaitikia kwa kichwa akaenda. Sikuwa na nguvu ya kuangalia picha. Nilirudi nyumbani na jembe langu.

Jumamosi, 1 Julai

Nimetoka nyumbani saa kumi na moja. Nimefika ghalani, Bagika tayari wako mbele ya mtu wao. Wamekaza nyuso. Wameuona ukuta.

Mikokoteni ikaja, ikasimama mbali kama Jumatatu. Fimbo zilikuwepo, niliziona zimelazwa chini ya magunia. Mgambo wakasimama.

Akateremka yule mzee wa Jumatatu, wa kwanza aliyegeuza ng'ombe. Akaja taratibu hadi chini ya picha ya pili. Jembe liko angani, linazunguka. Mchezaji halitazami. Mzee akautazama ukuta muda mrefu, mdomo wazi. Halafu akageuka, akawaita wenzake kwa sauti.

"Huyu ni Sayi! Njooni mumwone Sayi na jembe lake."

Sayi ni baba yangu. Kafa mwaka wa themanini na moja.

Wakaja. Wazee kwanza, wanagusa ukuta. Wakashusha magunia yao mbele yake. Bagika wakapiga kelele kwamba foleni yao ni ndefu zaidi, Bagalu wakatuma mtoto akaite majirani waje na pamba yao. Foleni mbili, kila moja inahesabu nyingine. Nkwabi akatuma gari likalete mizani ya pili. Hadi jioni hakuna fimbo iliyoinuliwa.

Mimi nilisubiri watu wapungue ndipo nikasogea.

Mwili ni wa baba, hapo wazee hawakukosea. Ila macho siyo yake. Yamekwenda pembeni kwa Masunga, mdomo umefungwa kwa kujikaza, taya limevimba. Anamtazama mwenzake anayecheza vizuri na anaumia. Bagalu wanasema Sayi anahesabu watu wa Masunga. Waache waseme hivyo.

Yule binti aliniona. Tangu siku ya mkaa, pengine, nikiwa juu ya ngazi.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya misa nimemchukua Minza tukaenda ghalani. Hakukuwa na mtu. Pamba chache zimenasa kwenye majani. Akasimama mbele ya picha, mkono kiunoni.

"Pua ni ya baba mkwe," kasema. "Macho ni yako."

Nikasema ndiyo.

Kwenye kona ya chini, ninapoweka jina langu siku zote, nilikuwa nimeacha nafasi tangu mwanzo. Nimepiga mistari miwili ya chaki. Nimeandika NYANGETA, na chini yake LAMADI. Nyeusi, kivuli chekundu. Sijawahi kuandika herufi zilizonyooka hivyo. Minza alinishikia kopo.

Kesho kichwa cha kinyozi. Kile kigezo cha katoni kimewashia moto wa chai leo asubuhi. Nitamwomba kinyozi mwenyewe aketi mbele yangu nimtazame. Kitatoka kibaya.